Ruhusa ya Kumpeleka Baba Kliniki

Nzisa ana sauti nzuri, ana viatu vizuri, na ana kile cheo ambacho kilikuwa kiwe changu. Nianze hapo hapo, usije ukasema nilikuficha. Pale kiwandani wanasema Mumbua ana kijicho. Ninacho, sikatai. Nawe ungekuwa nacho kama ungekalia meza ya pili katika idara ya wafanyakazi tangu usichana wako, ukimsubiri mkuu wa idara, mzee Kiema, astaafu, halafu wiki anayostaafu anaingia mtoto wa Syokimau na kompyuta begani, anakuita Aunti.

Aunti! Sina undugu naye wa karibu wala wa mbali. Jina lake ni la Kikamba lakini Kikamba chenyewe kinamwishia kwenye salamu, maana amezaliwa na kulelewa Nairobi. Akisalimiwa na akina mama wanaopakia biskuti kwenye katoni anajibu vizuri, wakiongeza neno la pili anacheka tu na kupita.

Kiwanda chetu ni cha biskuti, si mbali na Mlolongo, na wafanyakazi wengi wamepanga vyumba huko. Mimi ndiye niliyewaajiri karibu wote. Ugomvi wao naumaliza mimi, ruhusa zao natoa mimi, na mwenye mimba huniambia kabla hajamwambia mumewe. Nilidhani hiyo ndiyo kazi.

Kisha akaletwa meneja mpya, Bwana Rodgers, mtu wa magharibi ya Kenya huko, mpole wa sura lakini king'ang'anizi. Alitukalisha mimi na Nzisa akasema amechoka kuletewa hesabu za watu zisizomwambia kitu. Wangapi wamekosa kuja kazini, wangapi wameacha, wangapi wamefunzwa, sawa, lakini hayo yanagusa vipi katoni zinazotoka mlangoni? Atakayemjibu swali hilo ndiye atakayekalia kiti cha mzee Kiema. Alisema wazi hivyo, mbele yetu sote wawili, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa kwa kutojua.

Mimi nilimwendea nikamweleza kwamba watu wetu hawana shida, wanaheshimiana, na hawajawahi kugoma. Akanishukuru huku akitazama simu.

Nzisa akajifungia na kompyuta yake. Alipotoka alikuwa amechora mistari miwili: mmoja wa watu waliokosa kuja kazini kwenye laini ya kupakia, mwingine wa katoni zilizotoka. Wa kwanza ukipanda, wa pili unashuka. Oda zinachelewa, na maduka makubwa yanaenda kununua biskuti kwingine. Nilisimama nyuma yake nikaiona ile picha na roho ikaniuma kabisa, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewaona watu hao wakikosa kazi miaka yote, na sikuwahi kutembea hadi stoo kuuliza katoni zilikuwaje siku hiyo.

Lakini Mungu si Athumani, nilijiambia, maana pale kwenye sababu Nzisa aliteleza. Alikuwa amesoma ruhusa zote za laini ile, akaona nyingi zinasema kitu kimoja: nampeleka baba kliniki, mama amelala vibaya, baba ana homa. Akaja mezani kwangu na uso wa huruma.

"Aunti, kwani hawa wako na wazazi wao huku Mlolongo?"

"Wako nao," nikamjibu, nikainamia chai yangu.

Sikusema uongo. Kwetu mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na ukishampa jina la baba yako, basi ni baba yako huyo. Unamwita baba, unamwambia baba kula, baba lala, na ukimwombea ruhusa unasema baba ni mgonjwa. Wavinya wa kupakia ana baba yake anayeitwa Kisilu ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza. Mkamba aliyekulia kwao hawezi kukosea hapo hata usingizini. Nzisa alikosea, na akaandaa pendekezo refu la kuomba kampuni iwakatie bima wazazi wazee wa wafanyakazi. Sikumrekebisha. Nilitaka aangukie mbele ya watu.

Siku ya kumjibu Bwana Rodgers nilivaa vizuri. Alikuwepo na Musembi wa uhasibu. Nzisa alieleza mistari yake, akaeleza wazazi wazee wanavyowazuia watoto wao kuja kazini, na Bwana Rodgers akaanza kutikisa kichwa kwa huruma, akasema hata mama yake mwenyewe ni mgonjwa. Nikaona anataka kukubali. Wivu ulinipanda hadi masikioni. Nikasimama.

"Bwana Rodgers, huyo baba anayepelekwa kliniki bado ananyonya."

Musembi, ambaye ni Mkamba wa Wamunyu, alicheka hadi akavua miwani. Nikaeleza ile desturi yote polepole, nikimtazama Nzisa. Uso wake uliinama, na sitadanganya, nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu niolewe.

Kisha akainua uso. Hakuwa na aibu hata kidogo. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Kumbe ni watoto," akasema. "Aunti, hebu niambie, wanawaachia nani wakija kazi?"

Ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimelewa ushindi, na wote watatu walikuwa wananisikiliza mimi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika chumba kile. Nikamwaga yote. Kwamba wanawaachia jirani, na jirani akipata kibarua hakuna wa kuachiwa. Kwamba mtoto akiwa na joto kidogo tu jirani anamkataa, ndipo mama anaomba ruhusa ya kliniki. Kwamba wale wanaoacha kazi kabisa, wengi wameacha kwa sababu hiyo hiyo. Nilisema nikijipiga kifua, na Nzisa alikuwa anaandika.

Niliponyamaza, alisimama akasema bima haihitajiki tena. Ile stoo tupu nyuma ya laini ya kupakia isafishwe, iwekwe magodoro, watafutwe watu wawili wa kuangalia watoto. Mama anakuja, katoni zinatoka. Akamgeukia Musembi, na Musembi akakubali kwamba hilo ni rahisi kuliko bima.

"Hiyo ndio jibu nilikuwa natafuta," Bwana Rodgers akasema, akampa mkono. Akampa mkono yeye. Halafu akanikumbuka. "Na wewe, Madam Mumbua, hawa watoto unawajua vizuri sana. Wewe ndiye utawasimamia."

Basi ndiko niliko. Aii, mimi na elimu yangu ya uongozi wa watu, nafuta kamasi. Na chumba kinaendeshwa vizuri, kwa sababu sijui kufanya kazi ovyo. Akina mama wanakuja, laini imejaa, ule mstari wa katoni umepanda na haujashuka. Nzisa anauonyesha ukutani mbele ya wakubwa anaueleza. Ule mstari ni mimi, lakini anayepigiwa makofi ni yeye.

Juzi nikasikia wakubwa wanakuja kuutazama kwa mara ya mwisho kabla ya kumpa viwanda vyote vya kampuni avisimamie. Nilifika asubuhi na ufunguo mkononi, nikasimama nje ya mlango wa chumba cha watoto. Nilifikiria kurudi nyumbani. Ningesema kichwa kinaniuma, laini ingebaki na pengo mbele ya wageni, na tungeona angeeleza nini. Nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote.

Akina mama walikuwa wamefika, wamebeba watoto, wananitazama kwa sababu kengele ilikuwa inakaribia kulia. Mmoja alinikabidhi wake tu, kama alivyozoea, akaanza kufunga kitambaa kichwani.

Nikafungua mlango, na Nzisa akapanda cheo.