Mukecuru Aliyeshika Nenosiri

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kompyuta ya mteja kwa sababu ya adabu. Nilikuwa nimepokewa katika karakana moja ya kompyuta mjini Kamembe, juu kidogo ya stendi ya mabasi, na Chef, yaani mkuu wa karakana, alinipa mashine niifute vumbi na kuijaribu. Nilipoiwasha, dirisha dogo lilijitokeza katikati ya kioo, likauliza kama naruhusu programu fulani ifanye mabadiliko katika mfumo. Nyumbani kwetu ukiombwa jambo kwa upole unakubali kwa upole. Nikabofya Oui, yaani ndiyo. Kabla ya saa sita mchana kinga ya virusi ilikuwa imezimwa, matangazo ya bahati nasibu yalitokea kila kona, na ile programu ilikuwa imejiandikisha iamke kila mashine inapowashwa.

Chef hakupandisha sauti. Alivua miwani.

“Muntu akifika kwa mulango yako,” akasema, “umuulize mambo tatu. We ni nani? Unatoka wapi? Nani alikuita? Akikosa kujibu hata moya, abakie inje.”

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijapata somo lililolizidi hilo. Ninyi mnaoianza leo mnaliona lile dirisha kama nzi wa kufukuzwa haraka, kumbe ndiye mlinzi wenu. Kama ni wewe uliyeanza kuweka programu, na unajua imetoka wapi, kubali. Kama ulikuwa unaandika barua yako kwa amani na dirisha likaja lenyewe, kataa, hata likuombe mara kumi.

Baadaye nilipelekwa Bugarama, kwenye shule yenye chumba cha kompyuta ambamo vumbi la barabara lilikuwa mwanafunzi wa kudumu. Huko nilizoea kutengeneza akaunti mbili katika kila mashine. Ya kwanza ni ya msimamizi, tunayoiita Administrateur, yenye ruhusa ya kubadilisha mfumo. Ya pili ni ya kawaida, ya kazi za kila siku, na virusi vikiingia humo havina nguvu ya kugusa mfumo bila nenosiri la msimamizi. Directeur, mkuu wa shule, aliniuliza ni mwalimu gani atashika ile kubwa. Nikamjibu hakuna, hata yeye; nitaishika mimi fundi. Alifikiri kidogo, kisha akacheka na kusema kwamba hatimaye amepata kitu kimoja shuleni ambacho hakuna atakayemsumbua nacho.

Nilidhani wakubwa wote wako hivyo. Nikarudi Kamembe, nikafungua meza yangu mwenyewe, na hapo nikampata Papa Fideli wa Nzahaha.

Papa Fideli alikuwa mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya, amekulia Uvira, upande wa Kongo, kama wengi wetu tuliorudi. Kwa miaka mitatu alikuwa akiandika katika kompyuta yake nyimbo ambazo wazee wetu walirudi nazo vichwani kutoka Kongo. Baadhi ya waliomwimbia walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kitabu kilitakiwa kichapishwe kabla ya Pasaka. Siku hiyo alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, akiwa ameikumbatia kompyuta ndani ya kitenge, akaniambia folda ya nyimbo imetoweka.

Niliogopa sana, sitaficha. Ufunguo wa USB, kile kijiti cha kubebea mafaili, uliojazwa filamu Bukavu ulikuwa umeleta virusi. Dirisha likauliza, na Papa mwenyewe akabofya Oui. Virusi viliificha folda, vikaweka ya uongo mahali pake, kisha vikafunga hata ile sehemu ya mfumo inayoonyesha mafaili yaliyofichwa. Nilihangaika siku mbili. Wimbo wa kwanza ulipofunguka nililia kidogo, nikajifuta uso, nikaendelea. Zote zilikuwemo.

Nilimrudishia mashine mwenyewe hadi Nzahaha ili nimtengenezee zile akaunti mbili. Aliposikia atapewa ya kawaida, uso ulibadilika.

“Miye njo mukubwa wa hii nyumba,” akasema. “Utanishusha namna gani mbele ya batoto?”

Nilieleza hadi koo likakauka. Mama yake, Mukecuru kama sote tulivyomwita kwa heshima ya uzee wake, alikuwa pembeni akipura maharage. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Akaniuliza huyo Administrateur anafanya kazi gani. Nikamwambia hana kazi kubwa. Anakaa tu, na mgeni akija anamuuliza maswali matatu: ni nani, anatoka wapi, na nani alimwita.

“Basi munipe miye,” akasema. “Ninakalaka hapa siku yote.”

Papa Fideli akakubali papo hapo. Kuwa chini ya mama yake hakukumwaibisha hata kidogo. Nenosiri tuliliandika kwenye karatasi, Mukecuru akaikunja ndani ya kitabu chake cha sala. Nyimbo nilizinakili kwenye diski ikawekwa parokiani, maana akaunti ya kawaida inaulinda mfumo lakini haizilindi barua zako mwenyewe. Pasaka ile tuliimba tukiwa na vitabu mkononi.

Nimestaafu sasa, macho yamechoka na kioo. Juzijuzi nilipata kinga mpya ya virusi, nzuri kweli, nikaitia kwenye ufunguo wa USB na kwenda Nzahaha bila kumwarifu mtu. Mukecuru alikuwa palepale. Nikamwomba nenosiri. Akaniuliza mimi ni nani, ingawa tumejuana miaka mingi, nikajibu. Akauliza ninatoka wapi, nikajibu.

“Na nani alikuita?”

Nikakiri kwamba hakuna aliyeniita.

“Basi ukae, ukunywe chai,” akasema. “Kwa mashini, hapana.”

Kutoka chumbani Papa Fideli alicheka, akasema hata yeye alikataliwa Jumanne. Nilikunywa vikombe viwili, nikarudi Kamembe na ufunguo wangu mkobani, nikiwa na furaha ambayo mshahara haukuwahi kunipa.