Taa ya Mapokezi

Ofisini kwetu tunachora ramani za nyumba, na mchoraji wetu bora ni mama mmoja tunayemwita Shangazi. Hata bosi, aliyemzidi umri, humwita hivyo. Meza yangu iko ubavuni mwa yake, kwa hiyo vituko vyake navijua. Shangazi hawezi kuona umeme ukipotea bure. Akipita chumba kisicho na mtu, anazima taa. Siku moja alizima ya chooni bosi akiwa ndani. Wala hakuomba radhi. Alisema mtu aliye hai angekohoa.

Mwaka huu kompyuta yake ya mezani ilianza kujikokota. Akigeuza ramani aone upande wa jikoni, picha inakwama, naye anabaki mkono kidevuni. Kazi zikarundikana, wateja wakanung'unika. Nilimtania kwamba haraka haraka haina baraka, akanitazama mpaka nikarudi kwenye shughuli zangu. Kisha bosi, kwa upole kabisa, akamwambia kuanzia wiki ijayo akae mapokezi, apumzike. Meza ikapangwa huko, na taa nzuri ikawekwa juu yake. Mchana ule Shangazi hakula. Alininong'oneza kwamba huenda aliyechakaa ni yeye, siyo mashine. Iliniuma, maana nyumba ninayolala mimi aliichora yeye.

Nikamwita fundi wetu wa kompyuta, Bisibisi. Alibonyeza hapa na pale, akafungua mipangilio ya umeme, akaguna. Prosesa, ambayo ndiyo injini ya kompyuta, ilikuwa imezuiwa isivuke nusu ya mwendo wake. Akauliza ni nani aliyeiweka kwenye kuokoa umeme. Bosi naye alikuwa amesogea kusikiliza.

"Mimi," Shangazi akasema. "Wakati wa joto feni yake ilikuwa inalia, inahema kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo. Nikaionea huruma. Na umeme pia."

Tulivunjika mbavu. Kumbe makaa alijipalia mwenyewe! Bisibisi akaifungua mashine, akatoa vumbi lililoziba feni, kisha akaiweka kwenye mpangilio wa kati.

"Hapa ikipata kazi inakimbia, ikikosa inapumzika yenyewe," alimwambia. "Kama wewe, Shangazi."

Shangazi alitaka kwanza kuhakikishiwa kwamba haitaumia. Halafu akageuza ramani, na jiko likaja papo hapo. Akageuza tena, na tena, anacheka peke yake. Hadi jioni kazi zilizorundikana zilikuwa zimepungua, na mimi nilifurahi kana kwamba nimezichora mimi.

Saa ya kutoka tulipita mapokezi pamoja. Bosi akakohoa kidogo, akaanza kuulizia habari ya wiki ijayo. Shangazi alinyoosha mkono, akaizima ile taa nzuri.

"Hapa hakuna mtu," akasema.

Bosi akacheka, akaibeba taa kuirudisha stoo.