Baba Kwenye Foleni ya Wajawazito

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli pale Kagongwa, mtu wa kujibu swali kabla halijaisha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alianza kuchoka hata kwa kupiga pampu, na miguu ikavimba, tukampeleka hospitali Shinyanga. Daktari alimweleza taratibu kwamba presha ya miaka mingi imeziumiza figo, na figo zikichoka mwili hupungukiwa damu. Akaandika dawa tatu: ya presha, ya kutoa maji mwilini, na vidonge vyekundu vya kuongeza damu.

"Ya presha usiache hata ukijisikia mzima," alisema.

Baba aliitikia vizuri sana, akaiacha wiki hiyo hiyo. Kwake presha ilikuwa ni hasira tu, kwa hiyo alimeza kidonge siku ambazo mjomba wangu, shemeji yake, alikuja kututembelea. Vile vyekundu alivipenda, akavimaliza.

Vilipoisha, zahanati yetu ilikuwa navyo upande mmoja tu: kliniki ya wajawazito, kila Jumatano. Mama alidhani baba ataona haya. Jumatano ilipofika baba akavaa shati la kanisani, nami nikamsindikiza kwa sababu bado alikuwa akipata kizunguzungu.

Wanawake walisogea kwenye benchi wakampisha.

"Mwangaluka, baba," mmoja akamsalimu kwa Kisukuma. "Umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe."

Tulipofika mezani, nesi alikuwa ameinamia daftari.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza," baba akajibu.

Nesi akainua kichwa, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaweka kalamu chini. Baba akatoa karatasi ya daktari. Nesi aliisoma, akasema vidonge atampa, ila pale hapati mtu kitu bila kupimwa. Akamfunga kipimo mkononi. Akarudia mara ya pili.

"Baba, dawa ya presha unameza?"

"Nameza."

"Lini?"

"Shemeji akija."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Wakati wa kuvuna mpunga."

Nesi hakugomba. Alimwambia kidonge kile hakitibu hasira, kinalinda figo zisizidi kuharibika, na kwamba asipokuja kupimwa kila Jumatano, vyekundu asahau. Tena vyekundu avimeze mbali na chai. Hilo la chai ndilo lililomuuma.

Alikwenda miezi mingi. Alisikiliza masomo yote ya afya, akawa anarudi nyumbani na kumtangazia mama kwamba wamekatazwa kubeba ndoo za maji. Mama akamwambia basi ajiandae na kunyonyesha.

Tuliporudi Shinyanga, baba alimkabidhi daktari kadi ya wajawazito, maana nesi hakuwa na nyingine ya kumwandikia. Daktari aliisoma mstari kwa mstari: presha imeshuka, damu imepanda kidogo, ukuaji wa mtoto haukujazwa. Akasema ni wagonjwa wachache wanaomletea kumbukumbu safi namna ile. Figo hazitapona, akaongeza, ila sasa zinachoka polepole.

Baba aliendelea kuziba pancha miaka kadhaa. Wateja wake wengi wakawa wanawake wenye watoto mgongoni, na waume zao walipouliza wamefahamiana wapi, alikataa kusema.