Lukresia na Mizani ya Pamba

Lukresia alikuwa na duka dogo pale Masumbwe: chumvi, viberiti, mafuta ya taa, na kopo la panado. Kabla ya kuolewa alikuwa mfagizi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya misheni, akawasikiliza manesi wakiwafundisha akina mama mpaka naye akajua. Ndiyo maana kununua panado kwake kulichosha. Hakutoa kidonge mpaka umwambie ni cha nani, ana umri gani, na leo amekwisha kunywa nini. Wengine walimnunia. Yeye hakujali.

Msimu wa pamba wa mwaka 1979, saa sita mchana, Maige aliingia dukani akihema.

"Shikamoo mama. Nipe panado nne. Mwanangu Mageni anachemka!"

"Marahaba. Ana kilo ngapi?"

"Mtoto wa miaka miwili, nitajuaje? Kwani gunia?"

"Basi twende tukampime kama gunia."

Akafunga duka, akachukua mizani ya ndoano aliyopimia pamba yake. Huko nyumbani walimfunga Mageni kwenye kanga wakamning'iniza. Kilo kumi na moja. Mtoto aliwakodolea macho tu, mashavu yakiwaka.

"Huyu ni wa robo kidonge," Lukresia alisema. "Lakini kwanza, nani amempa dawa leo?"

"Mimi," alijibu Anisia, mama wa mtoto. "Robo, saa mbili."

Bibi Nyamizi, mama yake Maige, aliyekuwa akimenya viazi, aliweka kisu chini.

"Hata mimi nilimpa, ng'wanone, mwanangu. Kizima. Nilikisaga kwenye uji, saa nne. Alikuwa anatetemeka, nikaogopa."

Anisia alishika kichwa. Maige akafungua mdomo amgombeze mama yake, Lukresia akamzuia.

"Mwache mayu, ni mama yako. Kila mmoja amempa kwa mapenzi, ila hamkuambiana. Nawe ulikuwa unaleta cha tatu. Toa baiskeli, twende zahanati."

Mganga wa zahanati alipouliza, Lukresia alimtajia kila kipande na saa yake. Mtoto akapimwa damu: malaria. Akaanzishiwa dawa, akawekwa hapo mpaka jioni aangaliwe. Panado, mganga alisema, asiguse tena mpaka kesho.

Siku ya tatu Mageni alikuwa anakimbiza kuku. Bibi yake, hata hivyo, hakumbeba tena. Alikaa mbali naye kama mwenye mikono michafu. Lukresia alipopata habari alikwenda, akamwekea Mageni mapajani.

"Mayu, tangu leo dawa za nyumba hii zitunze wewe. Ziweke juu, mtoto asizifikie. Anayetaka akuombe, nawe umuulize kwanza."

Nyamizi alifuta macho kwa ncha ya kanga, akakubali. Alizifunga kwenye kitambaa, akazichomeka darini. Wiki iliyofuata Maige alitoka shambani kichwa kinamgonga.

"Mama, naomba panado."

"Asubuhi ulikunywa nini?" Nyamizi aliuliza, Mageni akiwa amelala mgongoni mwake. "Useme kweli."