Kipkirui Aomba Kufundisha Yoga

Kipkirui, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, alifagia hekalu la Wahindi hapa Eldoret kwa miaka thelathini na mmoja. Mgongo ulipomkwama, kuhani wa pale alimfundisha yoga. Kwa kuhani ilikuwa ibada: alfajiri, kabla ya kula, uso ukielekea jua, na sala kila unapoinama. Kipkirui aliyashika yote.

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Majirani waliponong'ona kwamba ndugu yake amerudia Asis, jua walilolisujudia babu zao, alimkataza kukanyaga kwetu. Hata siku ya mazishi ya mume wangu nilimketisha nje ya hema la familia.

Mwaka jana Mildred, msichana aliyesomea Nairobi, alifungua studio ya yoga mjini. Wake za wachungaji wakajaa. Nami, mwalimu mstaafu, nikaenda, kwa sababu ya presha. Mildred alituhakikishia kwamba humo hamna dini, ni pumzi na viungo tu.

Jumamosi moja Kipkirui akaingia. Hekalu lilikuwa limeajiri kijana mahali pake, na sasa Kipkirui alitaka kazi ya kufundisha.

"Mzee, cheti unacho?" Mildred akauliza.

"Sina. Niangalie tu."

Ana miaka sitini na nne, lakini aliinama viganja vikatua sakafuni bila goti kukunjika. Kisha akaanza kutamka ile sala.

"Ai! Tumekuja kupunguza tumbo, si kubatizwa upya!" mama mmoja akasema, na chumba kizima kikacheka.

"Mzee, huwezi kufanya bila hayo maneno?"

"Bila maneno ni kuchuchumaa tu." Akanigeukia. "Shemeji, waambie. Unanijua."

"Kumbe ni wenu, Mwalimu?" Mildred akaniuliza.

Wote walinitazama. Jina la mume wangu limechongwa kwenye jiwe la msingi la kanisa lao.

"Huyo huita kila mtu shemeji," nikasema. "Ni mfagiaji."

Hakubisha. Mildred alimhurumia, akampa kazi ya kupangusa mikeka, kwa sharti asitamke sala humo ndani. Alikubali.

Juzi mgongo wangu ulikwama nikiwa nimeinama, wenzangu wakiwa wameshatoka. Kipkirui aliona kosa langu lilipo. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha kwenye kitambaa chake.

"Samahani, Mama," akasema, "nipishe nipanguse."