Bingwa Aliyeokota Mawe

Watu wa mtaa wa Kizwite, Sumbawanga, walikuwa na kichekesho chao: bingwa wa mbio za magari anayeshuka kuokota mawe. Vitus akiona jiwe barabarani, hata mvua ikinyesha, alisimamisha gari, akashuka na kulibwaga mtaroni. Wazee walimsifu kwa utu wake. Kuna Jumapili padri alimtaja kanisani kama mfano wa kuigwa, na Vitus akatamani sakafu ya kanisa immeze. Wangejua!

Alizaliwa kwenye mashamba ya ulezi, akaanza kazi kama utingo wa lori la mpunga kutoka Mtowisa bondeni kupanda hadi mjini. Njia ile ni ya kumlaani aliyeichonga. Lori likiishiwa nguvu mlimani, utingo huruka chini na kutia jiwe nyuma ya gurudumu lisije likarudi korongoni. Lori likipata nguvu na kuondoka, aliyeweka jiwe ndiye huliondoa, kisha hulikimbilia lori na kudandia. Utingo aliyeacha jiwe njiani alizabwa kofi na dereva wake, na hakuna aliyemwonea huruma. Vitus alizijua sheria hizi vizuri kabla hajajua kushika usukani.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Wafanyabiashara wa mjini wakaanza kununua pikapu, na Mfipa mwenye pikapu mpya hawezi kukaa kimya. Kila mmoja alijigamba kwamba yake inapanda mlima wa Lyamba lya Mfipa kama mbuzi. Ubishi wa baa ukazaa mashindano: kila kiangazi, kutoka Mtowisa bondeni hadi Sumbawanga mjini, kwa pikapu zilezile za biashara, bila kubadilishwa kitu, na magunia ya mpunga nyuma. Utingo hakuruhusiwa. Dereva alipanda peke yake.

Wakati huo Vitus alikuwa amepata leseni, na aliyemfundisha kuendesha alikuwa Gabriel, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Gabriel ndiye aliyekuwa anatia fora. Vitus alimpenda, na alikuwa amechoka kuwa wa pili nyuma yake. Yote mawili yalikuwa kweli.

Mwaka mmoja Vitus alitangulia kupanda. Kwenye kona kali kuliko zote rejeta ikachemka, gari likagoma. Breki ya mkono ya pikapu ile ilikuwa pambo tu, kwa hiyo akaruka chini, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akamimina maji. Injini ikawaka. Hapo ndipo aliposikia pikapu ya Gabriel ikinguruma chini yake. Kuondoa jiwe kulimaanisha apande hadi penye tambarare, asimame, arudi kwa miguu. Akajiambia, Gabriel ataliona. Akakanyaga mafuta.

Gabriel hakuliona, maana vumbi la Vitus lilikuwa bado limetanda. Pikapu yake ikaparamia jiwe, ikabingirika korongoni. Vitus alikuwa mjini amebebwa juujuu na watu habari zilipofika. Gabriel alipona, lakini mguu ulikatwa juu ya goti.

Lawama zikatafuta mtu wa kumwangukia, zikampata Yonas, shemeji yake Gabriel, utingo wa lori lililokwama kwenye kona ileile jana yake. Wakamuuliza kama aliliondoa jiwe. Yonas, mtu asiyejua kusema uongo, akajibu, "Nadhani." Neno hilo likammaliza. Hakuna mwenye lori aliyemtaka tena. Akateremkia Kabwe kubeba magunia ya dagaa ziwani, na dada yake, Rozina, mke wa Gabriel, akakatazwa hata kumtaja nyumbani.

Na Vitus? Alifunga mdomo. Mwanzoni alinyamaza kwa ajili ya kombe, baadaye kwa ajili ya aibu ya kunyamaza. Jina lake likavuma. Tajiri mmoja akampa gari la kushindania Mbeya, akashinda. Akaitwa Iringa, kisha Dar es Salaam, akatangazwa redioni. Gabriel aliegemea magongo yake na kuwaambia majirani, "Huyo nimemfundisha mimi." Vitus akirudi na zawadi, ya kwanza ilikuwa ya Gabriel. Usiku hakulala vizuri, na hilo halikumsaidia Yonas hata kidogo.

Dominika, binti wa Gabriel, alipopata kipaimara, Vitus aliketishwa meza ya mbele. Watu wakiwa wanakula, Yonas akaingia langoni, amekonda, mikono imechubuka. Akachuchumaa mbali na meza, akapiga makofi taratibu kama wanavyoamkia Wafipa.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kuomba msamaha kwa lile jiwe."

Gabriel alimtazama, halafu akasema, "Yonas, ya kale basi. Hata Vitus hapa alijifunza kwa kosa lako. Haachi jiwe njiani."

Watu wakaitikia, Rozina akalia. Vitus aliona mlango wa kutokea: anyamaze tena, wote washibe, waende nyumbani. Miguu ikamsimamisha kabla hajaamua.

"Lile jiwe lilikuwa langu," akasema. "Nililiweka mimi, nikaliacha mimi. Nilikusikia unakuja, Gabriel."

Wa kwanza kusema alikuwa Yonas, angali amechuchumaa. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea.

"Una hakika, kaka?" aliuliza. "Maana mimi nalikumbuka. Miaka yote hii najiona nikiliacha."

Makombe yote yale, na Vitus hakuwahi kujua kwamba alikuwa ameingia hata kwenye kumbukumbu za mtu na kuziharibu.

Gabriel akavuta magongo yake. Akampita Vitus bila kumtazama, akatembea hadi langoni, akaangusha gongo moja chini ili apate mkono wa kumwinulia Yonas.