Nyanya na Chifu Aliyekuwa Sheria

Nyanya yangu alinusa ugoro, na akipiga chafya kuku walitawanyika. Lakini si hilo ninalotaka kusimulia. Juzi hapa Langley Park, Marekani, mjukuu wangu alikuwa akinifunza maswali ya mtihani wa uraia: katiba, bunge, mahakama, na kwamba kila mwenye madaraka ana wa kumzuia. Nikamkumbuka chifu wetu wa kijijini nilipokuwa mtoto, viatu vikinuka rangi ya kung'arishia, ameshika kamba ya ng'ombe wetu wa pekee.

“Unamchukua kwa sheria gani, Chifu?” Nyanya aliuliza.

“Sheria ni mimi, mama.”

“Haya. Na wewe ukikosea, tukushtaki kwa nani?”

Majirani waliojaa uani walimtazama chifu mdomo, wakingoja jibu. Kwa utoto wangu nilidhani Nyanya amemroga, maana chifu aliachia kamba, akavaa kofia, akashuka mteremko, wala hakurudi tena.